Aliyesomeshwa Anawiwa Nini?

Katika sharika zetu neno "kuwiwa" limepata maana mbili. Siku ya harambee ya kuezeka kanisa, mzee husimama akasema, "Nimewiwa kutoa bati kumi," na washarika hupiga makofi. Hakuna anayemuuliza anadaiwa na nani. Lakini maana ya kwanza ya neno hilo, ile iliyomo katika Biblia yetu, ni kuwa na deni. Mtume Paulo anawaandikia Warumi kwamba yeye ni mdaiwa wa watu wa kila namna, wasomi na wasiosoma, na watu hao hawakuwahi kumkopesha hata senti moja.

Tumelifikiri neno hili kwa miaka mingi. Aliyetuanzishia fikira hizo hakuwa msharika wetu, wala hakuwa Mkristo. Alikuwa kijana wa Vietnam aliyekuwa akisoma uhandisi Ujerumani, na swali alilotuuliza hatukulijibu vizuri.

Tulikuwa wachungaji wawili kutoka Tanzania, tumepelekwa Leipzig kwa masomo. Wasomaji wetu wa kaskazini wanalijua jina la mji huo, maana wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893. Tulipewa vyumba katika hosteli ya wanafunzi, na jiko tulilitumia pamoja na Wavietnam wanne. Wao hupika wali bila chumvi wala mafuta, nasi mwanzoni tuliwahurumia. Baadaye tuligundua kwamba wao nao walituhurumia sisi, tunaotia chumvi na mafuta ndani ya wali kana kwamba hatuna mboga. Urafiki ulianzia hapo.

Huyu tunayemsimulia alitoka Nghệ An, mkoa wa katikati ya nchi, wenye upepo wa moto wakati wa kiangazi na tufani kutoka baharini. Wavietnam wenzake wanapoutaja mkoa huo hutaja mambo mawili: umaskini wake, na jinsi watu wake wanavyopenda shule. Ho Chi Minh alizaliwa huko. Kijana wetu alituita kaka tangu siku ya kwanza. Kivietnam kina tabia ambayo Mswahili ataielewa upesi kuliko Mjerumani: watu wanaoheshimiana hawaambiani "mimi" na "wewe" hivi hivi tu. Mtu hujitaja kwa udugu. Mbele ya aliyemzidi umri hujiita mdogo, na mbele ya baba na mama hujiita con, yaani mtoto. Neno la kusema "mimi" lipo, lakini ukilitumia kwa mama yako umemvunjia heshima. Kwa hiyo kijana yule, kila alipozungumza na nyumbani kwa simu, hakuweza kusema hata jambo moja juu ya maisha yake bila kutamka kwamba yeye ni mtoto wa mtu. Tuliishi kwa kusikia neno hilo ukutani: con, con, con.

Vyuo vikuu vingi vya serikali Ujerumani havitozi ada kubwa, na hilo huwavuta wengi. Hata hivyo mwanafunzi wa nje lazima kwanza aonyeshe kwamba ana fedha ya kuishi mwaka mzima, imefungiwa benki. Wakati wetu ilikuwa zaidi ya euro 8,000; sasa imepita 11,000. Fedha hiyo baba yake aliipata kwa kuweka rehani hati ya ardhi. Vietnam hati hiyo ilikuwa na jalada jekundu, na watu huiita kitabu chekundu, basi. Dada yake mkubwa alikuwa ameacha shule akaenda kusini, Bình Dương, kushona viatu kiwandani, na sehemu ya mshahara wake ndiyo iliyolipa riba. Haya yote hatukuambiwa kwa siku moja. Tuliyapata kidogo kidogo, tukiosha vyombo.

Nyumba yao haikuwa peke yake. Vijana wa Vietnam wanaosoma nje ya nchi yao ni zaidi ya laki moja: Japani, Korea Kusini, Australia, Marekani, Taiwan, Ujerumani na kwingineko. Wachache wana ufadhili. Waliobaki wanasomeshwa na wazazi, na wengi wa wazazi hao si matajiri.

Tusidhani kwamba jambo hili limeletwa na tamaa ya siku hizi. Kule Hanoi kuna mahali panapoitwa Văn Miếu, palipojengwa mwaka 1070 kwa ajili ya kuwaheshimu wasomi. Yapo mawe 82 yaliyosimamishwa juu ya migongo ya kobe wa mawe, nayo yamechongwa majina ya waliofaulu mitihani ya mfalme kati ya mwaka 1442 na mwaka 1779. Kila jina limeandikwa pamoja na mahali mtu alikotoka. Aliyefaulu hakuishia mjini. Alirudishwa kijijini kwa maandamano, na kazi yake ya kwanza kule ilikuwa kuinama mbele ya madhabahu ya wazee wake waliotangulia. Maswali yetu Wakristo juu ya kuinamia mababu tuyaache kwa leo. Wakristo wa Vietnam wenyewe wameyajadili kwa muda mrefu kuliko sisi. Tunachotaka kionekane ni kwamba kwa watu hao kusoma na kurudi lilikuwa jambo moja. Aliyefaulu asirudi alikuwa kama mtu aliyekwenda kuchota maji akabaki kisimani.

Mtu wa namna hiyo, aliyesoma na kurudi, ni Đặng Văn Ngữ. Jina lake linastahili kujulikana katika nchi yenye malaria kama yetu. Alikuwa daktari. Mwaka 1943 alikwenda Japani kusoma zaidi, na vita vikamfungia huko. Angeweza kubaki, kazi alikuwa nayo. Mwaka 1949 alirudi, tena hakurudi mjini ila porini, milimani kaskazini, walikokuwa wapiganaji dhidi ya Wafaransa. Kule, bila kiwanda, alitengeneza dawa ya penisilini kwa kuotesha ukungu, ikatumika kwa majeruhi. Mwaka 1957 alianzisha Hanoi taasisi ya kupambana na malaria. Halafu, akiwa mtu mzima mwenye cheo, alishuka kusini kwenye vita ili atafute chanjo ya malaria karibu na waliokuwa wakiugua, na mwaka 1967 akauawa huko na mabomu ya ndege za Marekani.

Tuliposimuliwa habari hizo mara ya kwanza, tuliona kwamba swali letu limejibiwa: aliyesomeshwa arudi, na atumike mpaka mwisho. Ni jibu zuri kwenye mahubiri. Wachungaji tunalipenda, kwa sababu mfano wa mtu mmoja aliyekufa vizuri hutuepusha na kazi ya kufikiri juu ya wale laki moja walio hai.

Maana wapo pia wasioweza kurudi hivyo. Ngô Bảo Châu, mtoto wa Hanoi, alishinda medali ya dhahabu ya hisabati ya wanafunzi wa dunia nzima mwaka 1988, akashinda tena 1989. Alikuwa aende kusoma Hungaria, lakini utawala wa kule ukabadilika na ufadhili ukakatika. Akapata nafasi Paris. Mwaka 2010 alipewa medali ya Fields, ambayo kwa wanahisabati hakuna iliyo juu yake, na alikuwa Mvietnam wa kwanza kuipata. Amefundisha Chicago. Hata hivyo amekuwa mkurugenzi wa kisayansi wa taasisi ya hisabati iliyoanzishwa Hanoi, na huenda kule kufundisha vijana. Je, huyu amerudi au hakurudi? Mama wa Kivietnam tuliyemuuliza swali hilo Leipzig, muuza maua aliyekuja Ujerumani Mashariki kama kibarua wa mkataba miaka ya 1980, alicheka akasema, "Mama yake anajua."

Hatari inaanza pale kinachodaiwa kinapoandikwa kwenye daftari. Mji wa Đà Nẵng uliwahi kusomesha vijana wake kwa fedha ya umma, wengine nje ya nchi, kwa sharti la kuja kuutumikia mji miaka saba. Baadhi hawakurudi. Wengine walirudi, wakakaa muda, wakaondoka kabla ya miaka kutimia. Mji ukawapeleka mahakamani wakaamriwa kulipa. Hatusemi mji ulikosea. Fedha ilikuwa ya walipa kodi, na mkataba ni mkataba. Lakini fikiria kijana aliyeimbiwa nyimbo siku ya kuagwa, leo anaitwa mdaiwa mbele ya hakimu, na wote wawili, yeye na mji, wamepoteza kile ambacho hakimu hawezi kukiamuru kirudishwe.

Na daftari la mji lina huruma kuliko daftari la mawakala. Kufikia mwaka 2019 Japani ilikuwa na wanafunzi wa Vietnam zaidi ya 70,000, wengi katika shule za lugha. Mawakala waliwaambia wazazi kwamba mtoto atasoma huku akifanya kazi, na kwamba mkopo utalipika haraka. Sheria ya Japani inamruhusu mwanafunzi kufanya kazi saa 28 tu kwa wiki. Saa hizo hazitoshi kulipa ada, chumba, chakula, na mkopo wa nyumbani. Akizidisha saa, amevunja sheria na anaweza kurudishwa kwao. Asipozidisha, riba inapanda. Kwa hiyo anafungasha chakula kiwandani usiku na kusinzia darasani asubuhi. Tokyo liko hekalu la Kibuddha linaloitwa Nisshinkutsu, ambako mtawa wa Kivietnam amewahifadhia majivu na vibao vya majina vijana wa kwao waliokufa Japani, vibarua na wanafunzi, wengi wao wa miaka ishirini na kitu. Wengine walikufa kwa ugonjwa, wengine kazini, wengine kwa mikono yao wenyewe. Wanangoja kurudishwa nyumbani.

Kijana wetu alikuwa akielekea kwenye orodha ya namna hiyo, nasi tulikuwa tukipika naye.

Ilikuwa karibu na Tết, mwaka mpya wao. Alikuja akiwa amevaa koti zuri la kuazima, akatuomba twende naye mjini tumpige picha mbele ya jengo kuu la chuo kikuu, aipeleke nyumbani. Tulimpiga picha nyingi. Tukamwambia amependeza. Usiku ule alituambia kwamba mtihani mmoja wa hisabati alikuwa ameushindwa mara mbili, na akishindwa mara ya tatu ataondolewa, wala hataruhusiwa kusoma fani ile tena katika chuo kikuu kingine cha Ujerumani. Nyumbani walijua yuko mwaka wa tatu na anaendelea vizuri. Picha tulizopiga zilikuwa za kuthibitisha jambo ambalo halikuwapo.

Akauliza, "Kaka, nirudi na nini?"

Tukamjibu kama wachungaji. Tulimwambia kwamba Mungu hahesabu kama wanadamu, kwamba thamani ya mtu haiko kwenye cheti, kwamba kwa Mungu hakuna deni lisilosamehewa, kwamba yeye hadaiwi. Tulisema kwa upendo, na kila neno lilikuwa sawa na yale tuliyofundishwa chuoni. Alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kaka, Mungu wenu hakutia sahihi kule benki."

Wiki mbili zilizofuata alipika saa ambazo hatukuwapo.

Sisi Walutheri tunaijua neema. Tumeifundisha Kipaimara, tunaiimba, tunaitetea mbele ya makanisa mengine. Labda kwa sababu hiyo tunaitoa upesi mno, kama mtu anayegawa fedha ya mwingine. Tulimfutia kijana deni ambalo halikuwa letu kulifuta. Lilikuwa la baba yake aliyeweka rehani shamba na la dada yake mwenye vidole vilivyokakamaa kwa sindano. Bwana Yesu aliwakemea vikali wale waliosema kwamba mali ambayo ingewasaidia baba na mama imekwisha kuwekwa wakfu kwa Mungu, wakajiondolea jukumu kwa maneno ya dini. Sisi hatukusema korbani, lakini tulikaribia.

Tulipokuwa tukijiuliza tulikosea wapi, tulimkumbuka mwanafunzi mwingine ambaye baba yake alimlipia. Tulikuwa tunaishi katika nchi yake, tumesoma habari zake mara nyingi, wala hatukuwa tumeziona kwa upande huo. Hans, baba yake Martin Luther, alikuwa mtoto wa mkulima aliyeingia kwenye shaba ya Mansfeld akajikokota mpaka akawa na tanuri za kuyeyushia. Alimpeleka mwanawe chuo kikuu cha Erfurt ili awe mwanasheria. Inasimuliwa kwamba Martin alipopata digrii ya uzamili mwaka 1505, baba aliacha kumsemesha kama mtoto akaanza kumsemesha kwa lugha ya heshima. Miezi michache baadaye kijana aliingia utawani bila kumwuliza. Baba akarudia kumsemesha kama mtoto, kwa hasira.

Mwaka 1507 Martin aliongoza misa yake ya kwanza. Hans alikuja na wapanda farasi ishirini, akatoa zawadi nzuri kwa watawa. Mezani mwana alijaribu kumshawishi baba akubali kwamba utawa ni maisha mema. Baba akamuuliza mbele ya wote kama hajawahi kusikia kwamba imeandikwa kuwaheshimu baba na mama. Ni amri ya nne, kila aliyepita Kipaimara anaijua namba yake. Luther alikiri baadaye kwamba maneno hayo yalimwingia na hayakumtoka. Mwaka 1521, akiwa amejificha Wartburg, aliandika kitabu juu ya nadhiri za utawa, na barua ya kukitanguliza akamwandikia baba yake. Humo anakubali kwamba baba alikuwa na haki, kwamba yeye aliivunja amri. Anaeleza pia kwamba sasa yuko huru, na kwamba aliyemweka huru ni Kristo, wala si baba, wala si yeye mwenyewe. Ilimchukua miaka kumi na sita kuandika barua hiyo.

Tunaona jambo katika mpangilio wake. Luther hakuanza na uhuru. Alianza kwa kusema: baba, ulikuwa na haki juu yangu, nami nilikukosea. Ndipo akazungumza habari ya Kristo. Sisi kule jikoni tuliruka sehemu ya kwanza, na kijana wa Nghệ An, ambaye hakusoma theolojia, akaliona pengo mara moja.

Kuna neno la Kivietnam ambalo alitufundisha baadaye, tulipokuwa tumepatana. Wanaposema asante, wanasema cảm ơn. Hiyo ơn ni fadhila uliyotendewa, inayokaa mgongoni mwako mpaka uilipe. Asiye nayo moyoni huitwa mtu asiye na ơn, na hilo ni tusi kubwa, kama kwetu kuambiwa huna fadhila. Wakatoliki wa Vietnam, ambao ni mamilioni, hulitumia neno hilo hilo kwa neema ya Mungu. Tulishangaa. Tulikuwa tumezoea kufikiri kwamba neema ni kinyume cha deni, na hapa kuna watu wanaoziita kwa jina moja. Kisha tukakumbuka kwamba nasi tunalo neno la namna hiyo, lile la mzee mwenye bati kumi. Aliyepewa bure anawiwa. Hawezi kulipa, wala haombwi kulipa, lakini hawezi kukaa chini.

Tofauti ya hayo na daftari la benki ni kwamba daftari linataka ulipe peke yako, na kwa tarehe. Phan Bội Châu, mtu wa Nghệ An vilevile, alianza mwaka 1905 kupeleka vijana Japani kwa siri wakasome, ili waje waikomboe nchi. Walifika kama 200. Ufaransa ikaisukuma Japani, na kufikia mwaka 1909 walikuwa wamefukuzwa. Katika dhiki ile daktari mmoja Mjapani, Asaba Sakitarō, aliwasaidia kwa fedha yake bila kudai kitu. Miaka ilipita, Phan akarudi Japani kumshukuru, akakuta amekwisha kufa. Akaamua kumwekea jiwe la kumbukumbu, lakini fedha yake haikutosha, na watu wa kijiji cha yule daktari ndio waliomjazia. Jiwe lilisimamishwa mwaka 1918. Tunalipenda sana jambo hili: mdaiwa alikuja na shukrani isiyotosha, na wa upande wa mdai wakamchangia.

Paulo alifanya zaidi ya hapo katika waraka wake kwa Filemoni. Anamwombea Onesimo, na anaandika kwa mkono wake kwamba kama kuna kitu Onesimo anadaiwa, kiandikwe kwenye hesabu ya Paulo. Hakumwambia Filemoni kwamba madeni ni mambo ya kidunia. Alijiweka kwenye daftari. Tulipolisoma hilo upya kule Leipzig tuliona aibu, kwa sababu katika maneno yetu yote ya usiku ule hakuna hata mmoja wetu aliyegusa mfuko.

Tulichanga euro 300 kutoka kwenye posho zetu. Mbele ya deni lile ilikuwa fedha ndogo, pengine riba ya miezi michache. Kijana alikataa. Tulipomsihi alisema atapokea kama tutakubali kukaa naye chumbani atakapopiga simu nyumbani kusema kweli.

Tunawaandikia haya nyinyi washarika kwa sababu wapo miongoni mwenu waliouza ng'ombe na kiwanja ili mtoto asome, wengine nje ya nchi, na mtoto sasa hapigi simu. Mnadhani amesahau. Huenda amesahau kweli. Watoto wa namna hiyo wapo, na hatutawatetea. Lakini huenda anaogopa daftari ambalo nyinyi hamkuwahi kuliandika. Mara ya mwisho mlipozungumza naye, swali la kwanza lilikuwa nini?

Deni la benki halikufutwa na mtu. Kijana aliacha chuo kikuu, akajifunza ufundi wa mashine za kukata chuma katika mji mdogo wa Saksonia, na yeye pamoja na dada yake walilimaliza baada ya miaka sita. Hati nyekundu ilirudi nyumbani.

Lakini tulitaka kusimulia habari ya ile simu. Ilikuwa karibu saa sita usiku Leipzig. Kwao kulikuwa kunapambazuka, na tulisikia majogoo. Alizungumza kwa muda, akitazama sakafu. Hatukuelewa chochote isipokuwa con. Alipomaliza, upande wa pili palikuwa kimya, tukabaki na majogoo tu, mpaka tukadhani simu imekatika. Kisha baba akasema jambo fupi, na kijana akafunika macho kwa mkono, akajibu neno moja.

Tulingoja mpaka amekata simu, tukamuuliza baba alisema nini.

"Ameuliza kama nimekula."

Alikuwa hajala. Tukaenda jikoni tukapika wali, safari hii bila chumvi.